Faili Limegoma Kupungua, na Maswali Mengine ya SQLite

Mwezi huu barua zenu zimekuja za jambo moja, utadhani mlikaa baraza moja mkapatana. Maduka mengi hapa kwetu Mombasa, kuanzia Biashara Street hadi Bamburi, yanaendeshwa na programu ndogo za mauzo zilizoandikwa na vijana wetu wenyewe, na karibu kila niliyoifungua mimi nimekuta SQLite chini yake: hifadhidata nzima ndani ya faili moja, isiyohitaji seva wala mtu wa kuiwasha asubuhi. Ndiyo hiyo hiyo iliyomo ndani ya simu uliyoishika. Ilianza mwaka 2000, wakati Mmarekani D. Richard Hipp alipokuwa akiandika programu za manowari za nchi yake, akataka hifadhidata ambayo haitanyamaza kwa sababu tu seva imelala.

Mimi naipenda, sifichi. Nimeifanyia kazi miaka kumi na minne, hapa ghorofani juu ya duka la leso la marehemu baba yangu, na mara nyingi nilipoitwa kwa mbio kuambiwa imeharibika, nimekuta inafanya kile kile ilichoahidi. Sisi ndio hatukuisoma ahadi.

Shikamoo mama. Nina duka la dawa Mikindani. Laptopu imejaa, nikafuta mauzo yote ya 2019 hadi 2022. Programu inaonyesha hayapo, lakini faili bado ni gigabaiti 1.4, halikupungua hata kidogo. Nilipata amri ya VACUUM mahali, nikaijaribu, ikaniambia diski imejaa. Kijana aliyeniandikia programu amekwenda Qatar na simu hashiki. Nimefanya kosa gani?
*Mwenye duka la dawa, Mikindani*

Marahaba, mwanangu. Hukukosea. Rekodi zimefutika, ila SQLite haikati faili kila unapofuta.

Chukua nyumba ya Mji wa Kale yenye vyumba kumi na viwili. Watoto wameoa na kuolewa, wengine wamehamia Nairobi, vyumba tisa viko vitupu. Nyumba haipungui kimo. Funguo tu ndizo zimerudi kwa mama mwenye nyumba, na mgeni wa kesho atapewa chumba kimojawapo bila kujengewa kipya. Faili la SQLite limegawanywa kurasa, siku hizi kwa kawaida baiti 4,096 kila mmoja, na ukurasa ulioachwa wazi huingizwa kwenye orodha ya kurasa huru, ungoje data mpya. Kama laptopu yako ingekuwa na nafasi, ningekwambia uliache hivyo hivyo: mauzo ya miaka miwili mitatu ijayo yangeingia humo humo na faili lisingekua.

Ulipoileta ofisini Jumanne tuliuliza maswali mawili. PRAGMA page_count, yaani kurasa zote ni ngapi, ikajibu 350000. PRAGMA freelist_count, yaani kurasa huru ni ngapi, ikajibu 262000. Yaani karibu robo tatu ya faili lako ni vyumba vitupu. Hesabu hizo mbili ndizo za kuuliza kwanza, kabla ya amri nyingine yoyote, kwa sababu kama kurasa huru zingekuwa 3,000 tu, VACUUM isingekusaidia lolote na tungetafuta mzigo kwingine.

Sasa kwa nini VACUUM ilikataa. Kazi yake ni kujenga nyumba mpya pembeni, kuhamisha vilivyo hai, kisha kuvirudisha mahali pa vya zamani. Wakati wa kuhama nyumba zote mbili zimesimama, kwa hivyo inaweza kudai nafasi tupu ya hadi mara mbili ya ukubwa wa faili: kwako ni gigabaiti 2.8. Ulikuwa umebakiwa na megabaiti 600. Mtu huja kwa VACUUM wakati diski imeshajaa, na hapo ndipo inapomshinda.

Njia tuliyotumia ni hii. Tulifunga programu, tukahakikisha hakuna faili lenye mkia wa -wal wala -journal (mafaili ya kando ya kazi ambayo haijakamilika) lililobaki, tukachomeka diski ya nje na kuandika:

VACUUM INTO 'E:/dawa_mpya.db';

Amri hii ipo tangu toleo 3.27 la mwaka 2019. Inaandika nakala iliyobanwa huko nje na faili la asili haligusi. Nakala ilitoka na megabaiti 360. Tukaifungua, tukahesabu mistari ya kila jedwali ikalingana na ya asili, ndipo tukaiweka mahali pa ile kubwa kwa jina lile lile. Lile kubwa liko kwenye diski ya nje. Likae huko mwezi mzima kabla hujalifuta.

Usiifanye kazi ya kila usiku. Mara moja kwa mwaka, baada ya kufuta mengi, inatosha. Kuna na auto_vacuum, inayokata faili yenyewe kila muamala, yaani kila kundi la mabadiliko yanayoandikwa kwa pamoja, lakini inazihamisha kurasa huku na huku bila kuzipanga vizuri, na kwa hifadhidata ambayo tayari ina majedwali haianzi kazi mpaka uendeshe VACUUM kamili. Kwa duka lako sioni faida yake.

Jambo moja hukuniuliza, nami sitaliacha kwa sababu duka ni la dawa. Ukifuta mstari, maandishi yake hayafutiki papo hapo. Hubaki ndani ya kurasa huru mpaka data nyingine iandikwe juu yake, na mtu anayejua anaweza kuyasoma. Kwenye faili lako la zamani nilifungua ukurasa mmoja huru nikakuta jina la mtu, namba yake ya simu na dawa aliyonunua mwaka 2020, dawa ambayo asingependa jirani aijue. Sheria yetu ya Kulinda Data ni ya 2019 na inakuhusu wewe pia. Ile nakala iliyobanwa haina mabaki hayo. Kuanzia sasa programu iwashe PRAGMA secure_delete = ON; kila inapofungua hifadhidata, ili kinachofutwa kifunikwe kwa sifuri. Na ile diski ya nje iweke kabatini, kwa kufuli.

Dada, salaam aleikum. Sisi ni jirani zako hapa Biashara Street, tunauza leso kwa jumla. Kila mzigo ukifika tunaingiza orodha yote upya, leso na vitambaa 18,400, na inachukua dakika 12. Wateja wanasimama. Mpwa wangu aliyeandika programu ameweka PRAGMA synchronous = OFF na sasa inamaliza kwa sekunde chache. Lakini amesema nikuulize kama kuna madhara.
*Jirani, Biashara Street*

Wa aleikum salaam, jirani. Mshukuru mpwa wako kwa kuuliza, kisha mwambie airudishe leo kabla hamjafunga duka. Kesho asubuhi nipandieni hapa juu tuifanye inavyopasa, na kasi mtaipata vile vile.

Kwanza muielewe hizo dakika 12 zilikuwa zikienda wapi. SQLite haikwambii "tayari" mpaka diski yenyewe ikiri kwamba data imetua. Kompyuta yenu ina diski ya kuzunguka, ile ya mizunguko 7,200 kwa dakika, ambayo ni 120 kwa sekunde, na kila muamala hungoja zaidi ya mzunguko mmoja. Gawanya 18,400 kwa dakika 12: mistari 25 hivi kwa sekunde. Kompyuta haikuwa imechoka wala haikuwa imezeeka. Ilikuwa inasimama kuingoja diski, mara 18,400.

Na kwa nini iingoje mara zote hizo? Nimeisoma programu. Inaita INSERT, amri ya kuongeza mstari, kisha INSERT, kisha INSERT, bila kuanza muamala. Usipouanza wewe, SQLite huufungua na kuufunga kwa kila mstari peke yake. Feri ya Likoni haivushi mtu mmoja ikarudi kumchukua wa pili. Inajaza, inafunga mlango, inavuka mara moja. Hivi:

BEGIN;
INSERT INTO bidhaa ... (mara 18,400)
COMMIT;

Nilichukua nakala ya hifadhidata yenu na orodha yenu ile ile, nikaiendesha kwenye diski ya kuzunguka niliyonayo hapa, ulinzi ukiwa umewashwa wote. Sekunde mbili na ushei. Mpwa wako pia aandae sentensi ya INSERT mara moja nje ya kitanzi, ndani abadilishe thamani tu. Atapunguza tena kidogo, lakini faida kubwa iko kwenye BEGIN na COMMIT. Na mmepata jingine ambalo hamkuliomba: stima ikipotea katikati ya kuingiza, hakuna kitakachokuwa kimeingia nusu. Mtawasha mkute orodha ya zamani iko kamili, mwanze upya.

Sasa hiyo OFF. Maana yake ni kwamba SQLite inaukabidhi mfumo wa kompyuta data na kwenda zake bila kungoja jibu. Programu ikianguka peke yake, hakuna neno. Stima ikikatika, kurasa nyingine zimetua na nyingine hazijatua, na hakuna anayejua zipi.

Mimi naijua amri hii kwa sababu niliiweka. Ilikuwa mwaka wangu wa pili kazini, kwenye duka moja la vipuri Changamwe. Mwenye duka alilalamika programu ni nzito, nikasoma mahali kwamba OFF inaharakisha, nikaiweka na kulipwa, nikasifiwa. Ilikaa miezi saba bila tatizo. Halafu usiku mmoja wa masika stima ikapotea na kurudi mara tatu ndani ya robo saa, na asubuhi programu ikafunguka na sentensi moja: database disk image is malformed. Tulilala pale dukani siku tatu, mimi na mzee na binti yake, tukisoma risiti za karatasi ya kaboni na kuziandika upya moja moja, kwa taa ya kandili usiku wa pili kwa sababu stima ilikatika tena. Deni za wateja wa mkopo ambazo hazikuwa na risiti hazikupatikana. Yule mzee hakunigombeza hata mara moja. Alisema tu, "Mama, mimi niliomba iwe nyepesi. Sikuomba isiandike."

Kwa hivyo nanyi mkitaka wepesi zaidi baada ya BEGIN na COMMIT, njia ya halali ipo. Endesheni mara moja PRAGMA journal_mode = WAL; nayo itabaki imekumbukwa ndani ya faili. Hali hii ilikuja na toleo 3.7 mwaka 2010. Badala ya kubadilisha kurasa mahali pake, SQLite huandika mabadiliko mapya kwenye faili la kando lenye mkia wa -wal, kisha baadaye, kwa kawaida likifika kurasa 1,000, huyarudisha kwenye faili kuu. Anayesoma ripoti hamzuii anayeuza, na anayeuza hamzuii anayesoma. Ukiwa na WAL unaweza kushusha synchronous hadi NORMAL: stima ikipotea faili haliharibiki, ila miamala ya mwisho kabisa inaweza kurudi nyuma kana kwamba haikufanyika.

Mimi dukani kwenu ningeacha FULL, ile inayoingoja diski kila muamala. Hata mauzo 25 kwa sekunde inayaweza, na siku ya kuamkia Idi, mlango ukiwa umejaa, hamjafika mauzo 25 kwa dakika.

Fundi, tuna ghala la nafaka karibu na soko la Kongowea. Kompyuta tatu, faili la hifadhidata liko kwenye folda ya pamoja ya kompyuta ya mhasibu, zote tatu zinalifungua kupitia mtandao wa ndani. Mara kwa mara zinasema "database is locked". Wiki jana mizani mbili zilipoingiza kwa pamoja, magunia 40 ya mahindi yakatoweka kwenye hesabu. Tuongeze kasi ya mtandao?
*Karani wa ghala, Kongowea*

Ndugu yangu, hapana, na naomba jambo hili usilisubirishe mpaka mwisho wa mwezi.

SQLite hulinda faili kwa kufuli za mfumo wa kompyuta. Ndani ya kompyuta moja kufuli hizo ni za kuaminika. Kupitia folda ya mtandao, mara nyingi si za kuaminika: mashine mbili zinaweza kuambiwa kwa wakati mmoja kwamba kila moja ndiyo yenye ufunguo, zote zikaandika, na matokeo yake ni magunia yenu au faili zima kuharibika. Waya wa kasi hautengenezi kufuli. Wala usihamie WAL kwa kudhani itaokoa, kwa kuwa WAL inategemea kumbukumbu ya pamoja ya mashine moja na haifanyi kazi kabisa kupitia mtandao.

Faili likae kwenye kompyuta ya mhasibu na liguswe na programu moja tu iliyo humo. Hizo nyingine mbili ziongee na programu hiyo, kwa mfano kupitia kivinjari. Kijana anayejua kazi ataimaliza kwa wiki moja. Ama kama mna mpango wa kufungua tawi Mariakani na Voi, nendeni moja kwa moja kwenye PostgreSQL, hifadhidata yenye seva, ambayo iliundwa kwa ajili ya watu wengi kuandika kutoka mbali. Sioni aibu kusema hivyo. Watengenezaji wa SQLite wenyewe wanasema hivyo.

Lile neno "locked" likiendelea hata baada ya hapo, weka PRAGMA busy_timeout = 5000; ili anayekuta kufuli angoje hadi sekunde tano badala ya kurudi na kosa papo hapo. Kisha tafuta ni sehemu gani ya programu inayoanza muamala halafu ikamngoja mtu abonyeze kitufe. Nimeikuta mara nyingi: dirisha la "una hakika?" limeachwa wazi, karani amekwenda kuswali adhuhuri, na ghala zima limesimama. Swali liulizwe kabla ya BEGIN.

Na leo jioni, kabla ya yote hayo, endesha PRAGMA integrity_check, inayokagua kama faili ni zima. Ikijibu ok, shukuru. Ikijibu mistari mingi, usiandike chochote tena ndani ya faili hilo. Linakili kama lilivyo, uniletee.

Habari mwalimu. Mimi ni mwanafunzi, nakaa Tudor. Mradi wangu ni wa mauzo ya samaki: mistari milioni 2 ya majaribio. Ripoti ya siku moja inachukua sekunde 6. Nimeweka faharasa kwenye tarehe na hakuna kilichobadilika. Swali langu la SQL ni: SELECT sum(kiasi) FROM mauzo WHERE date(tarehe) = '2024-03-12';
*Mwanafunzi, Tudor*

Nzuri, mwanangu. Umeileta barua pamoja na amri yenyewe na nimefurahi, maana wengi huniandikia "ni pole pole" halafu wananyamaza.

Nitakuonyesha kwa duka la hapa chini. Marehemu baba alipanga leso kwa namba ya mzigo, kama zilivyofika. Mteja hatafuti kwa namba. Anakuja na jina, yale maneno yaliyochapwa kwenye leso, anasema nataka ile yenye maneno fulani. Bila msaada ungeifunua leso moja moja, rafu kwa rafu. Baba alikuwa na daftari: majina yote kwa mpangilio wa alfabeti, na mbele ya kila jina namba ya rafu. Daftari hilo ndilo faharasa. Ulikuwa ukitaja jina, kidole kinaruka hadi herufi yake, kinashuka mistari minne, tayari.

Sasa fikiria mteja aseme: nataka leso ambayo jina lake, ukihesabu herufi zake, ni 23. Daftari lipo, limepangwa vizuri, na halina faida. Itabidi uhesabu kila jina kuanzia la kwanza. Hicho ndicho unachokiomba. Faharasa yako imepanga tarehe jinsi ilivyoandikwa, siku na saa. Wewe unauliza juu ya date(tarehe), kitu kingine kinachopatikana baada ya hesabu, na SQLite inaifanya hesabu hiyo mara milioni 2.

Usiniamini kwa mdomo. Tanguliza EXPLAIN QUERY PLAN mbele ya amri yako uone. Kwangu ilijibu SCAN mauzo, yaani inatembea jedwali zima. Kisha andika hivi:

SELECT sum(kiasi) FROM mauzo
WHERE tarehe >= '2024-03-12' AND tarehe < '2024-03-13';

Safu yenyewe imeachwa uchi, bila kuvalishwa chochote. Uliza mpango tena: SEARCH mauzo USING INDEX mauzo_tarehe (tarehe>? AND tarehe<?). Neno SCAN limekuwa SEARCH. Kwa mistari yako milioni 2 jibu lilirudi kabla sijaondoa kidole. Sharti ni kwamba tarehe zote ziandikwe kwa mtindo mmoja, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Nimeona kwenye faili lako mistari michache yenye 12/03/2024; irekebishe, kwa sababu hiyo itapangwa mahali pasipo pake na hutaipata.

Ripoti yako ya pili inachuja kwa bandari ndogo na tarehe pamoja. Hapo faharasa mbili tofauti hazikusaidii sana. Tengeneza moja yenye safu mbili, ile inayolinganishwa kwa usawa ikitangulia: CREATE INDEX mauzo_bandari_tarehe ON mauzo(bandari, tarehe). Fikiria daftari la baba lililopangwa kwanza kwa rangi, kisha kwa jina ndani ya kila rangi. Ukijua rangi na jina, unaruka. Ukijua jina peke yake, umerudi kwenye kufunua.

Usizidishe lakini. Una faharasa tisa kwenye jedwali moja na nimeona mbili hazitumiwi na swali lolote. Kila mauzo mapya yanaandikwa kwenye daftari zote tisa, na zote zinakula diski. Kutafuta kwa LIKE '%nguru%' pia hakutumii faharasa ya kawaida, kwa sababu alama ya asilimia iko mwanzoni. Kama utafutaji wa maneno ni muhimu kwa mradi, soma FTS5, sehemu ya SQLite ya kutafuta maneno ndani ya maandishi. Na programu iendeshe PRAGMA optimize kabla ya kufunga muunganisho, ili takwimu za kuchagua mpango zisizeeke.

Mama, sisi ni chama cha akina mama Likoni. Namba za simu za wanachama zote zimepoteza sifuri ya mwanzo. Tunaingiza 07, inatoka 7.
*Katibu wa chama, Likoni*

Safu ya simu ilitangazwa INTEGER, na namba kamili haina sifuri ya mbele. Namba ya simu si ya kujumlishwa wala kutolewa, ni maandishi. Tengeneza safu mpya ya aina ya TEXT, kisha:

UPDATE wanachama SET simu_mpya = '0' || simu WHERE length(simu) = 9;

Sharti la tarakimu 9 lipo kwa ajili ya wale walioandikwa kwa 254, ambao wana 12 na hawataki sifuri. Hao walete kwa amri ya pili jinsi walivyo. Itafaa kwa laini za 07 na za 01.

Mkiwa humo ndani, angalieni pia safu ya michango. SQLite ya kawaida inakubali neno kwenye safu ya namba, na kwenye faili lenu nimeona mtu ameandika "elfu mbili" badala ya 2000. Haikukataa, na kwenye jumla ilihesabiwa sifuri. Mwanachama huyo anadaiwa mchango alioutoa, mrekebishieni. Jedwali jipya mkilitengeneza mmalizie na neno STRICT, lililopo tangu toleo 3.37 la mwaka 2021, nalo litakataa neno kama hilo papo hapo. Lisingeokoa sifuri ya simu, kwa hivyo TEXT mnaihitaji vile vile.

Fundi, nina hadwea Bamburi. Kila jioni mtoto wangu ananakili faili la duka.db kwenye flashi huku programu ikiwa wazi. Kompyuta imeibwa. Tumefungua nakala ya juzi, na mauzo ya siku hiyo kuanzia saa nane hayamo. Yamekwenda wapi?
*Mwenye hadwea, Bamburi*

Pole sana kwa wizi, kaka. Programu yako inatumia WAL. Mauzo ya kuanzia saa nane yalikuwa bado kwenye duka.db-wal, faili la kando, na mtoto alinakili duka.db peke yake. Yaliondoka na kompyuta. Flashi yako nimeikagua yote, faili la -wal halimo, na sitaki kukupa tumaini la uongo. Miamala iliyolipwa kwa M-Pesa utaipata kwenye taarifa ya simu yako. Ya taslimu, mwulize kila mfanyakazi leo hii angali anakumbuka.

Kwa kompyuta mpya: asinakili faili kwa mkono programu ikiwa wazi. Aendeshe amri hii kwenye programu ya sqlite3:

.backup 'F:/duka_jumatatu.db'

Inachukua picha moja iliyo kamili, na yaliyomo kwenye -wal yanaingia. Tumia jina la siku, upate nakala saba zinazopokezana, na flashi mbili: moja ilale dukani, nyingine iende nyumbani. Kisha kila Ijumaa, ukiwa nyumbani, ifungue nakala kwenye kompyuta nyingine na uandike SELECT max(risiti) FROM mauzo. Linganisha namba itakayotoka na risiti ya mwisho uliyoichapa siku ya nakala hiyo.